Rangi ya mwili si pambo tu

*Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto wachanga katika mojawapo ya hospitali za kaunti yetu, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wakunga wa jadi na wazee wa mitaa. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.*

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu rangi za asili na matumizi yake katika matibabu. Binti yangu aliposikia mada hii aliniuliza, "Mama, unakwenda kuwafundisha watu kupaka nyumba?" La, sikuja kwa rangi ya nyumba. Nimekuja kwa rangi ambazo Mwenyezi Mungu amezitia ndani ya miili yetu na vyakula vyetu: weusi wa ngozi, wekundu wa damu, umanjano wa nyongo, na ile rangi ya machungwa iliyo ndani ya kiazi. Tumezoea kuziona kama pambo. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kila moja ina kazi yake, na sisi wauguzi huzitegemea kila siku kukinga, kupima na kutibu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, na si kisa cha kujivunia.

Miaka sita iliyopita, katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati huo, mama mmoja kijana alikuja na mtoto wa kiume wa siku tatu. Mtoto mzuri, mzito, mweusi kama babake. Viganja na nyayo zake zilikuwa zimepakwa hina, kama ilivyo desturi kwa wengi wetu. Bibi yake mtoto akaniambia, "Mwanangu, huyu analala mno, na titi halitaki." Nikamtazama mtoto usoni, sikuona kitu. Nikawaambia watoto wachanga ndivyo walivyo, warudi nyumbani waendelee kumnyonyesha.

Baada ya siku mbili walirudi usiku, mbio. Mtoto analia kwa sauti nyembamba, amejipinda mgongo. Nilipomfunua jicho, weupe wake ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai. Tulimtibu, akaishi, na leo anasoma. Lakini hasikii. Manjano yale yalikuwa yameingia kwenye ubongo kabla hatujayatoa kwenye damu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikosa wapi. Umanjano ulikuwapo siku ile ya kwanza. Usoni ulifunikwa na weusi wa ngozi yake. Kwenye viganja na nyayo, ambako ningeuona, ulifunikwa na hina. Na yule bibi aliyeniambia kila nilichohitaji kujua, sikumsikiliza. Kwa hiyo ninayosema leo sikuyapata kitabuni peke yake.

Melanini, mwavuli tunaouvaa

Rangi nyeusi ya ngozi na nywele zetu huitwa melanini. Ndani ya ngozi, chini ya tabaka la juu, mna seli maalum zinazoitengeneza. Wengi hudhani mtu mweusi ana seli hizo nyingi kuliko mweupe. Sivyo. Idadi inakaribiana kwa watu wote duniani. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa, na jinsi inavyotawanywa. Chembe za melanini hupelekwa kwenye seli jirani, zikakaa juu ya kiini cha seli kama kofia ya ukili juu ya kichwa cha mvuvi. Pale huzuia miale ya jua ya urujuanimno isifike kuharibu vinasaba, kwa sababu uharibifu huo ndio chanzo cha saratani nyingi za ngozi.

Kinga hii imepimwa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 vilionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya wastani wa 13.4 dhidi ya miale inayounguza, na la ngozi nyeupe 3.4. Hizi ni namba za aina ile ile mnayoiona kwenye chupa za losheni ya jua.

Sasa fikirini mtu aliyezaliwa bila mwavuli huo, au akiwa nao mwembamba sana. Huyo ni ndugu yetu mwenye ualbino. Hakuna laana hapo, wala mkosi, wala kosa la mama. Kwa aina iliyo ya kawaida kwetu, baba na mama wote wawili hubeba kinasaba hicho bila kujua, na mtoto hukipata kutoka pande zote mbili. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Baadhi yao ni majirani zenu, na wapo watoto wanaokaa nje juani saa za michezo shuleni.

Kwa hao, losheni ya kukinga jua si kipodozi, ni dawa. Inafanya kazi ambayo melanini ingeifanya. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia losheni hiyo bila malipo wale waliosajiliwa. Jirani zetu wa Tanzania wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi huko Moshi ambako losheni ya namna hiyo hutengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mhudumu wa afya, ukimpata mtoto mwenye ualbino katika nyumba unazozitembelea, uliza mambo manne: amesajiliwa? Ana kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu? Macho yake yamepimwa? Maana melanini hufanya kazi jichoni pia, na wengi wao hawaoni mbali, hukaa nyuma darasani wakaitwa wazito. La nne, ana kidonda chochote cha ngozi kisichopona? Kikipita mwezi mmoja, mlete. Saratani ya ngozi ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo. Tusingoje hadi inuke.

Basi hebu tujishangae sisi tuliopewa mwavuli wa bure, tunavyokwenda dukani kununua dawa ya kuutoboa. Nazungumzia mkorogo. Baadhi ya krimu hizi zina zebaki, nyingine zina haidrokwinoni, nyingine zina dawa za steroidi. Zebaki na haidrokwinoni huzuia melanini isitengenezwe. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Zebaki haikai kwenye ngozi tu, huingia mwilini ikaharibu figo, na mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Bidhaa hizo zimepigwa marufuku nchini, lakini sokoni zimo. Dokezo moja: ukiona maandishi yanayokuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu au fedha, iache. Zebaki ndiyo inayoshambulia vito, na onyo hilo halikuandikwa bure.

Na melanini inaweza kuwa mjumbe. Ukiona baka kwenye ngozi lililofifia rangi kuliko sehemu nyingine, lichome kidogo kwa ncha ya unyoya au pamba. Mtu akiwa hasikii mguso pale, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni ukoma. Ukoma bado upo, una dawa, dawa ni ya bure, na ukiwahiwa haukati kidole cha mtu.

Manjano ya mtoto mchanga

Kwanza tusafishe jina. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, huletwa na mbu. Ninayozungumzia ni manjano ya mtoto mchanga, ambayo hayaambukizi.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya rangi iitwayo hemoglobini, inayobeba hewa ya oksijeni. Seli ya damu ikizeeka huvunjwa, na ile hemoglobini hugeuka kuwa rangi nyingine ya manjano, bilirubini. Kazi ya kuitoa ni ya ini, kupitia nyongo na choo. Mtoto mchanga huvunja damu nyingi, na ini lake bado ni changa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto huwa na manjano kidogo wiki ya kwanza, yakaisha yenyewe. Lakini yakizidi kiwango, bilirubini hupenya kwenye ubongo. Hapo ndipo tunapopata uziwi, mtindio wa ubongo, na vifo.

Sasa, tutaonaje manjano kwenye ngozi yenye melanini nyingi? Msitazame shavu, kama nilivyofanya mimi. Mpelekeni mtoto penye mwanga wa mchana, si mwanga wa taa. Tazameni weupe wa macho. Tazameni ufizi. Bonyezeni ngozi ya pua au kifua kwa kidole kisha muachie, mtazame rangi kabla damu haijarudi. Kisha tazameni viganja na nyayo. Yakifika huko, hali ni ya hatari. Manjano yoyote yakionekana kabla mtoto hajamaliza saa 24 tangu kuzaliwa, njooni bila kungoja. Na mtoto akikataa kunyonya, akilala bila kuamshika, akilia sauti nyembamba au akijipinda mgongo, msitafute rangi tena. Njooni.

Tiba yake ni ya ajabu, kwa sababu ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa nje watoto njiti siku za jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepoteza umanjano, isipokuwa pembe moja ambako shuka lilikuwa limemfunika. Pale palibaki pa manjano. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ilisahauliwa dirishani, juani, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imepungua. Daktari Richard Cremer na wenzake walifuatilia jambo hilo, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo yao. Muuguzi aliona kwa macho yake, na aliposema akasikilizwa. Nawaambia hili kwa sababu ninyi mna macho majumbani ambako sisi hatufiki.

Mwanga wa bluu ukiipiga bilirubini iliyo kwenye ngozi huigeuza umbo, ikaweza kutoka kwenye nyongo na mkojo bila kungoja ini likomae. Ndiyo ile taa ya bluu mnayoiona wodini. Mtoto huvuliwa nguo akabaki na nepi, hufunikwa macho, na huendelea kunyonya. Taa ile haiunguzi, wala si umeme unaopitishwa mwilini kama nilivyosikia ikisemwa.

Mtaniuliza: kama ni jua, si tumwanike nyumbani? La. Jua la nyumbani halina kipimo. Linaweza kumuunguza mtoto, na asubuhi yenye upepo humtia baridi. Mwaka 2015 watafiti huko Lagos, Nigeria, walionyesha kwamba jua linaweza kutibu, lakini likiwa limechujwa kwa plastiki maalum inayozuia miale mibaya, na wauguzi wakiwa wanampima mtoto muda wote. Kumweka mtoto juani mlangoni na kungoja ni kupoteza zile siku mbili ambazo mtoto wangu yule alizipoteza.

Hina na piko

Sasa nafika mahali ambapo nahitaji radhi za mama zangu. Mimi mwenyewe napaka hina. Nilipakwa siku ya harusi yangu, na binti yangu atapakwa. Hina ni rangi ya asili, hutoka kwenye jani, na kwa mtu mzima wengi haina neno.

Lakini kwa mtoto mchanga ina matata mawili. La kwanza mmelisikia: huficha viganja na nyayo. La pili ni zito zaidi. Baadhi yetu tumezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Upungufu huu ni wa kawaida katika sehemu zilizokuwa na malaria kwa karne nyingi, ukanda wetu wa Pwani ukiwemo, na huwapata zaidi wavulana, ambao huurithi kutoka kwa mama. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua. Lakini vitu fulani vikimwingia, seli zake za damu hupasuka kwa wingi. Hina kwenye ngozi laini ya mtoto mchanga ni kimojawapo. Kingine ni vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo tunavyoweka kwenye masanduku ya nguo. Damu ikipasuka, bilirubini hupanda haraka kuliko ini linavyoweza kuitoa. Yule mtoto wangu alipopimwa baadaye, alikutwa na upungufu huo.

Sisemi tuache mila. Nasema mtoto asubiri. Hina isimguse mtoto mchanga, na nguo zake zifuliwe na kuanikwa kabla hajavishwa, hasa zilizotoka sandukuni. Akikua, atapambwa.

Na tusichanganye hina na piko. Hina ya kweli huacha rangi ya machungwa hadi nyekundu ya kahawia. Haiwi nyeusi ti. Ule weusi hutokana na kemikali ya kupaka nywele, na tunawaona wasichana wanaokuja na malengelenge mikononi, wengine na makovu. Anayewashwa na piko mara moja, akirudia huumia zaidi. Wapambaji, tafadhali, nywele ni nywele na ngozi ni ngozi.

Kidole na mashine

Kwa wenzangu wa vituoni nina neno moja fupi. Ile mashine ndogo ya kubana kidole, oksimita, husoma rangi ya hemoglobini. Damu yenye oksijeni ni nyekundu angavu, isiyokuwa nayo ni nyekundu iliyokoza, na mashine hupitisha mwanga kidoleni ikapima tofauti hiyo. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hii miaka ya 1970, nayo imeokoa watu wengi. Lakini melanini nayo hunyonya mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao mashine ilisema wako salama, waliokuwa na upungufu wa oksijeni uliofichika walikuwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya weupe. Kwa hiyo mtoto akivuta pumzi kwa mbavu, na mashine ikasema hajambo, mwamini mtoto.

Rangi iliyo kwenye sahani

Nisiwachoshe. Rangi ya mwisho ni ile ya machungwa iliyo ndani ya kiazi kitamu cha manjano, boga, embe na papai. Ni beta-karotini, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo jicho haliwezi kuona gizani bila hiyo. Mchicha na kisamvu pia wanayo, ila imefichwa na ukijani. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wanne, wakiwemo waliosambaza viazi hivi Afrika, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda. Rangi hii huhitaji mafuta ili iingie mwilini, kwa hiyo tui la nazi tunalopikia lina maana. Na msisahau matone ya vitamini A kila miezi sita, tangu mtoto afikishe miezi sita hadi miaka mitano: kidonge cha bluu kabla ya mwaka mmoja, chekundu baadaye. Ukisikia wiki ya Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, mlete.

Ombi langu

Naomba mambo matatu. Wahudumu wa afya, mkiingia nyumba yenye mtoto wa chini ya wiki mbili, mfungueni macho na mfumbueni viganja vyake penye mwanga, hata kama hamkuja kwa ajili yake. Akina mama na bibi, mtoto asipakwe hina wala kutiwa harufu za sandukuni, na mkiona haamki kunyonya, semeni. Msipojibiwa, semeni tena. Na wauguzi wenzangu, bibi akisema mtoto analala mno, tumsikilize.

Yule kijana wangu ana miaka sita sasa. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa mikono, kwa lugha ya ishara aliyofundishwa shuleni. Nami nimejifunza kidogo ili nimjibu. Ishara ya kwanza niliyojifunza ilikuwa ya kuomba radhi.